Mota ya Kumchukua Baba Mkwe

Jumatatu, 29 Aprili

Barafu imeondoka ziwani tangu Alhamisi. Yote. Nimekwenda kuhakikisha, nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Baridi ya kukata vidole, lakini ni maji. Ufunguzi wa msimu wa uvuvi ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na moja.

Mwaka huu nina jambo langu. Jana baada ya ibada, kwenye kahawa ya ukumbi wa chini ya kanisa, baba mkwe wangu, Mzee Sigvald Rundquist, alisema kwamba injini ya boti ya Lowell "ina kelele kidogo." Meza nzima ikamgeukia. Mzee ana miaka themanini na sita na sijawahi kumsikia akilalamika, hata alipovunjika mguu. Kwake yeye, maneno yale ni sawa na mtu mwingine kupindua meza.

Lowell Pribyl ni mwanyumba wangu. Mimi nimemwoa Marlys, yeye kamwoa dada yake, na usawa wetu unaishia hapo. Boti yake ina viti vya ngozi na mahali pa kuwekea vikombe, sita. Miaka kumi na moja mfululizo mzee amekaa humo siku ya Ufunguzi. Kwenye boti yangu, katika miaka thelathini na moja ya ndoa, hajatia hata mguu mmoja.

Septemba anahamia Arizona kwa mwanawe. Magoti yake hayawezi tena theluji yetu. Kwa hiyo Ufunguzi huu ndio wake wa mwisho hapa Minnesota. Asipokaa kwenye boti yangu safari hii, basi tena. Jambo hili linaniuma kuliko ninavyomwonyesha Marlys.

Boti yangu ni ya aluminiamu, futi kumi na nne, imebonyea hapa na pale. Injini yake ya petroli ilikufa mwaka juzi. Makasia yapo, ila bega langu la kulia halivuti tangu nilipoanguka nikizoa theluji. Suluhisho limenijia nikiosha vyombo: mota ya umeme! Ile ndogo ya betri, ya kuivuta boti polepole wakati ndoano iko majini. Haina sauti. Mzee anataka ukimya, nitampa ukimya mpaka asikie ndevu zake zikiota.

Kesho nakwenda kununua. Ni kazi ya dakika kumi.

Jumanne, 30 Aprili

Haikuwa kazi ya dakika kumi.

Duka la chambo la Bernadine Kivi. Nilimwambia nataka mota ya umeme. Akauliza ya kufungwa omo au tezi, yaani mbele ya boti au nyuma. Ya kuendeshwa kwa mkono au kwa mguu. Volti kumi na mbili au ishirini na nne. Shafti inchi ngapi. Nikamjibu: ndiyo.

Akangoja. Nami nikangoja. Mwishowe nikaonyesha boksi moja kwa kidole, kama mtu anayejua. Limeandikwa ratili hamsini na tano. Nikamwambia mimi peke yangu nina ratili mia mbili na kumi, sasa mota hiyo itabeba nini, mguu wangu wa kushoto? Bernadine akanitazama, akasema, "Hiyo ni namna mojawapo ya kulitazama, Delwyn." Huku kwetu hayo ni matusi. Nadhani.

Akanieleza taratibu kwamba ratili hizo si za kubeba, ni za kusukuma. Unajumlisha uzito wa boti, watu na vitu, na kila ratili mia moja inataka msukumo wa ratili mbili. Akasema boti kama yangu inatoshwa kabisa na ile ndogo ya tezi, ya mkono, ratili thelathini, pale karibu na mlango. Nikamwambia nitafikiri. Kitu kinachowekwa karibu na mlango ni kitu kisichotakiwa na mtu.

Nyumbani nimepiga hesabu. Boti, watu wawili, betri, nanga, chakula: kama ratili mia nane. Mara mbili, elfu moja na mia sita. Nimetafuta mota ya ratili elfu moja na mia sita kwenye katalogi yote. Hakuna. Ama nimekosea, ama wenye viwanda hawajatufikiria watu wazima.

Alhamisi, 2 Mei

Nimekosea. Marlys amenionyesha. Ilikuwa kumi na sita, si elfu moja na mia sita. Hata hivyo siwezi kuikubali kumi na sita bila kujua uzito halisi wa mzee, na huku kwetu hakuna anayemuuliza mtu uzito wake. Ndipo nikapanga njama.

Nilimwalika kahawa. Mizani ya bafuni nikaificha chini ya zulia la mlangoni, uso wake umechungulia kidogo, nikaufunika kwa kiatu changu cha ndani. Mpango ulikuwa mzee akanyage zulia, mimi niinue kiatu kama ninayekivaa, nisome.

Alikanyaga. Nikainua kiatu. Ratili mia mbili na arobaini na tatu! Nikashangaa, mzee mwenyewe mwembamba. Kumbe amebeba gunia la viazi, zawadi ya Marlys. Kabla sijamwomba aliweke chini, akabonyeza bonyeza kwa kisigino. Akasema, "Sakafu yako inabonyea." Nikasema haibonyei. Akasema ameisikia. Akaomba tochi, akashuka chini ya nyumba. Alikaa huko saa nzima na ushei, akakuta mhimili mmoja haumpendezi, akaupigia nguzo. Uzito wa viazi siujui, kwa sababu nilipotaka kuvipima Marlys alikuwa ameshavimenya nusu.

Kahawa ikaenda kama inavyokwenda siku zote. Marlys akamuuliza mzee kama atakunywa. Hapana, asisumbuke. Akamuuliza tena. Hapana, amekunywa nyumbani. Akamuuliza mara ya tatu. Basi, nusu kikombe. Akanywa vikombe vitatu na kula vipande vinne vya keki ya limau. Ndivyo tulivyolelewa. Anayekubali mara ya kwanza anaonekana kama hajawahi kula.

Kuagana kulichukua dakika arobaini: mlangoni, barazani, kando ya gari, kisha kwenye dirisha la gari. Hapo dirishani nikamwambia, baba, Jumamosi ya Ufunguzi karibu kwenye boti yangu, naweka mota isiyo na sauti. Akatazama usukani. Akasema, "Hapana, hapana, usijisumbue kwa ajili yangu."

Amekataa. Sikutarajia. Nimeshindwa kula viazi.

Ijumaa, 3 Mei

Lowell amepita. Anasema alikuwa njiani kwenda mjini. Njia ya mjini haipiti kwangu.

Amesikia natafuta mota, na nadhani Bernadine ndiye aliyemwambia. Akasimama mbele ya boti yangu mikono kiunoni. "Omo, shemeji. Ya nyuma inasukuma, ya mbele inavuta. Wewe mtu mzima, utasukumwa?" Akanieleza yake: unaiendesha kwa mguu, na ukibonyeza kitufe inazungumza na satelaiti, inaishikilia boti palepale juu ya samaki bila nanga. Nikauliza, je, samaki akihama? Akacheka sana. Sijui kilichomchekesha, nilikuwa nauliza.

Kisha, akiwa ameshaingia garini, akasema amemwambia mzee atampitia Jumamosi saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Nikamuuliza mzee amejibuje. Akasema, "Hakukataa sana."

Hakukataa sana! Mimi amenikatalia kabisa. Nimezunguka boti mara saba nikiwaza. Ni mota. Mzee ni mtu wa ufundi, haingii kwenye chombo chenye injini mfu na makasia mawili. Akiona mota ya maana, moyo utalainika.

Jumapili, 5 Mei

Kahawa ya kanisani. Nilifanya kosa la kuuliza mezani mota ipi inafaa. Wanaume watano, majibu tisa. Mmoja alisema volti kumi na mbili zinatosha kwa ziwa dogo. Jirani yake akasema kumi na mbili ni za kuwashia taa. Mchungaji mwenyewe akaingilia, akachora boti kwenye kitambaa cha karatasi, akaweka mishale, kisha akasahau mishale ilikuwa ya nini. Nimerudi na vitambaa sita vya karatasi. Kimoja naona ni ramani ya kwenda kwa mtu.

Mzee Sigvald alikaa mwisho wa meza, anakoroga kahawa isiyo na sukari. Nikakusanya moyo. Mbele ya Lowell, mbele ya wote, nikasema, baba, nafasi yako kwenye boti yangu ipo palepale. Akakoroga. Akasema, "Ah, boti yako ndogo, Delwyn. Utataka nafasi ya vitu vyako."

Mara ya pili! Mbele ya watu! Lowell akajitia anatafuta maziwa. Nilihisi masikio yananiwaka moto. Marlys njiani alisema nisikate tamaa, nimuulize tu tena. Nikamwambia mtu ana heshima yake. Mtu mzima akikataa mara mbili amekataa, sitambembeleza mbele ya kanisa zima.

Ila kasema boti ndogo. Hilo nimelishika. Anayeona boti ndogo anataka mota kubwa.

Jumatatu, 6 Mei

Leo shafti, ile nguzo ya mota inayoshuka majini. Bernadine alisema nipime kutoka ukingo wa boti mpaka usawa wa maji, niongeze inchi ishirini, ili pangaboi lizame vizuri. Rahisi. Ila boti iko juu ya tela, uani, na uani hakuna maji.

Kuishusha ziwani kwa ajili ya kipimo kimoja niliona uvivu. Nikaikagua, nikakuta mstari wa uchafu umeizunguka pande zote, umenyooka. Usawa wa maji! Nikapima kutoka juu ya omo mpaka mstarini. Inchi thelathini na nne. Jumlisha ishirini, hamsini na nne.

Marlys alitoka na nguo za kuanika, akasimama. Akasema mstari ule si wa maji, ni wa theluji. Boti imesimama kando ya gereji tangu Oktoba, na huo ndio urefu wa theluji ya mwaka huu. Nikamwambia theluji ni maji. Akaanika nguo.

Jumatano, 8 Mei

Nimenunua! Ya omo, ya mguu, volti ishirini na nne, msukumo ratili themanini, shafti inchi sitini. Ilikuwepo ya hamsini na nne, lakini nikaongeza sita za tahadhari. Bernadine aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akapanga panga chambo, akaniuliza tena. Nikasema ndiyo. Akaniuliza hii itakaa wapi hasa kwenye boti ya futi kumi na nne. Nikasema mbele. Akasema, "Haya basi," na kufungua daftari la risiti.

Mota ina urefu wa kunifikia kidevuni. Inataka betri mbili. Nimechukua moja, maana naona ya pili ni ya akiba.

Kuifunga kumenitoa jasho. Omo ya boti yangu imechongoka, haina mahali bapa pa kukaza skrubu. Nikatafuta kitu bapa nyumba nzima. Nimepata ubao wa Marlys wa kukatia nyama, mti mgumu, mzuri sana. Nimetoboa matundu manane. Sita yameangukia mahali pake.

Marlys ameuliza ubao uko wapi. Nimesema unafanya kazi.

Ijumaa, 10 Mei

Majaribio ziwani. Saa nne asubuhi, hakuna upepo.

Nimekanyaga pedali. Kimya. Nimekanyaga tena. Kimya kabisa, ukimya wa ajabu, nikafurahi kweli, mpaka nilipogundua kwamba gati bado liko palepale. Kumbe betri ya pili si ya akiba. Volti kumi na mbili na kumi na mbili ndiyo ishirini na nne. Mtu angeniambia.

Nimerudi dukani, Bernadine akanipa betri. Alikuwa ameshaitoa stoo.

Betri mbili na mota, vyote mbele: boti imeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa, tezi iko juu, mimi nimekaa nyuma nikitazama ziwa kutoka ghorofani. Nikahamisha betri katikati. Boti ikakaa sawa. Tatizo, katikati ndipo penye benchi la abiria, na betri zimelijaza. Nilikaa nikitazama benchi lile kwa muda. Kisha nikaona: mzee anaweza kukaa juu ya betri. Nitaweka mto.

Nikakanyaga pedali. Ilikwenda! Mzunguko kulia. Kukanyaga mbele ya pedali ni kulia, nyuma ni kushoto, au kinyume chake. Mguu wangu haujaamua. Karibu na ufuko, shafti ndefu ikalima mchanga, tope likapanda, bata wakahama.

Nilipoinua macho, Mzee Sigvald amesimama kwenye gati. Sijui amefika lini. Ametazama mota. Amesema, "Hiyo ni mota kubwa." Nikajibu ndiyo, ratili themanini. Akatazama benchi lenye betri. Akauliza kama kesho nitakuwa na mtu wa kwenda naye. Nikajibu kwamba bado sijui, ila nitakuwa majini saa kumi na moja na nusu, mtu apende asipende. Akasema wolai wanakula vizuri asubuhi ya mawingu. Nikasema nimesikia hivyo. Wolai ndiye samaki wetu wa Ufunguzi, macho yake kama kioo, mtu hajitambulishi hapa bila kumtaja. Mzee akasimama tena kidogo. Akasema, "Basi, sawa." Akasimama tena. Akaondoka.

Sikumwalika. Ulimi ulikuja mpaka kwenye meno. Lakini kakataa mara mbili, na kesho Lowell anampitia. Nami nina uso wangu.

Jumamosi, 11 Mei. UFUNGUZI

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mawingu, baridi, mvua ya manyunyu. Boti kama arobaini ziwani, watu wote wamevaa jaketi za kuokolea na kujifanya hawasikii baridi. Mimi peke yangu, na mto juu ya betri.

Boti ya Lowell ikapita ikinguruma. Viti vitupu! Akazima injini, akauliza, "Mzee yuko wapi?" Nikamwambia yuko kwako. Akasema hapana, mzee alimpigia Alhamisi asimpitie, kuna boti nyingine atakwenda nayo. Tukatazamana. Lowell alidhani ni yangu.

Sasa nani? Nilitazama ziwa lote. Mchungaji ana boti, lakini ya makasia. Bernadine ana boti, lakini leo yuko dukani. Kuna mtu wa tatu! Kuna mtu amemzunguka mzee kimyakimya sisi tukigombana, na bila shaka ana mota bora kuliko yangu. Niliwachunguza wote kwa darubini mpaka mmoja akanipungia mkono.

Katika kuchunguza, pedali ikakwama. Kulia. Nilizunguka mara kumi na nne, Lowell amehesabu. Kamba ya uvuvi ikajisuka kwenye shafti, boti ikajiburuta mpaka kwenye fungu la mchanga, shafti ya inchi sitini ikasimama ardhini kama mti na boti ikazunguka kando yake. Ubao wa nyama ukapasuka. Lowell alinikokota mpaka gatini bila kusema kitu, na hicho ndicho sitamsamehe.

Sijapata samaki.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Mama. Kila mwaka inaangukia Ufunguzi au karibu yake, na kila mwaka wanaume huja mezani wakinuka samaki, mikononi maua ya kituo cha petroli. Tulikula kwa dada yake Marlys. Viazi na nyama ya kusaga vya kuoka, saladi ya jeli ya kijani.

 Mzee alipokwenda kupumzika, Marlys alinivuta jikoni. Jana asubuhi saa tatu alikwenda kwa baba yake kuchukua bakuli. Akamkuta jikoni, amekaa kwenye kiti, kofia kichwani, koti limefungwa vifungo vyote. Mezani kuna mfuko wa mikate ya soseji, miwili miwili, ya watu wawili. Fimbo yake ya kuvulia imeegemezwa mlangoni. Amekaa hivyo tangu saa kumi na nusu. Marlys alimuuliza kama anangoja mtu. Akasema hapana, anapumzika tu.

 Kile kiti nakijua. Kinatazama barabara.

Nikauliza alikuwa anamngoja nani basi, kama Lowell alishamwambia asimpitie. Marlys akanitazama. Akaniuliza nilimwalika mara ngapi. Nikasema mbili, na mara mbili akakataa, yeye mwenyewe alikuwepo kanisani. Akaweka uma chini. Akasema, "Mbili, Delwyn." Nikasema ndiyo, mbili. Akasema tena, "Mbili." Kisha akaenda kukata keki, na alinipa kipande cha pembeni.

Sikuelewa. Nimelala kitandani mchana kutwa nikilipindua jambo hili. Mtu amekataa, kisha amevaa kofia. Alikuja gatini Ijumaa, akatazama, akaondoka. Alitazama nini pale? Mota. Alisema nini? Kubwa. Na machozi yalikuwa karibu kunitoka nilipolipata: mzee alitaka kuja, shafti ndefu ndiyo iliyomtisha. Mtu wa ufundi, ameona mara moja kwamba haitapita mchangani. Ni kosa langu. Nilipima theluji.

Jumatatu, 13 Mei

Nimempigia Bernadine asubuhi. Amekubali nimrudishie mota ikiwa haijatobolewa, na kilichotobolewa ni ubao. Nitachukua ile ya mlangoni, ya tezi, ya mkono. Amesema safari hii nipime boti ikiwa majini, na watu wake ndani.

Basi nimeishusha ziwani. Betri nimezitoa, mota nimeitoa, imebaki boti na makasia. Saa kumi alasiri, jua limetoka. Nimeinama tezi na tepu ya kupimia, mara nasikia hatua kwenye gati. Mzee Sigvald. Kofia, koti, fimbo ya kuvulia na mfuko wa karatasi.

Amesema upepo umetulia. Nikasema umetulia. Amesema anasikia wolai wako kwenye matete ya upande wa mashariki, hata jioni. Nikamwambia nitalishughulikia nikishapata mota. Akatazama makasia, akasema bado ni mazima. Akasema kwake ni magoti tu, mabega hayajambo. Nikasema ni jambo la kumshukuru Mungu, umri ule.

Akasimama kama dakika kumi. Kisha akashika nguzo ya gati, akashusha mguu mmoja ndani ya boti, halafu wa pili, polepole, akakaa kwenye benchi la katikati. Akaweka mfuko miguuni. Akashika kasia moja, akalipima uzito mkononi.

Boti ikazama inchi mbili. Usawa wa maji wote ukanivurugika! Nikamwambia, baba, samahani sana, hebu toka kidogo, unanipotezea kipimo. Najua Bernadine alisema watu wawe ndani, lakini mtu anapumua, anajitikisa, na mimi safari hii nataka kipimo safi, kwa ajili yake yeye mwenyewe. Nikamweleza yote hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ah. Sawa." Akatoka kama alivyoingia, mguu mmoja, halafu wa pili, nikamshika kiwiko.

Nikamwomba, maadamu yuko hapo, anishikie ncha ya tepu kwenye ukingo. Akapiga goti, lile bovu, akashika. Nikaingiza kichwa chini kusoma, kijiwimbi kikapita, nikamwambia tungoje maji yatulie. Tukangoja. Kikapita kingine. Nikamwambia asilegeze.

Maji yalipotulia nikasoma, nikainua kichwa kumwambia. Hayupo. Ncha ya tepu ameiwekea jiwe isisogee.

Na kweli haikusogea hata kidogo. Inchi kumi na tano, jumlisha ishirini, thelathini na tano. Bernadine anafungua saa mbili asubuhi, nitakuwa mlangoni. Mzee akiiona mota hii atakuja mwenyewe.